Diels–Alder ndani ya maji: usiyeyushe, chemsha tu

Mwanafunzi akiniuliza aanzie wapi kutumia maji kama kiyeyushi, humpa mmenyuko wa Diels–Alder, ambapo molekuli mbili huungana na kufanya pete, kati ya 9-antrasenimethanoli na N-metilimaleimidi. Wengi huufanya kwa zailini, kiyeyushi cha kikaboni. Mimi niliiacha.

Pima miligramu 65 za antrasenimethanoli, weka kwenye chupa ya duara ya mililita 50, mimina mililita 25 za maji yaliyoondolewa ioni, kisha tia miligramu 70 za maleimidi. Hiyo maleimidi inaunguza ngozi na kuwasha macho, kwa hiyo ipime ukiwa na glavu, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Funga kondensa, washa kikorogeo, chemsha dakika 90.

Hapo ndipo watu huingiwa na wasiwasi, maana unga wa manjano unaelea tu kama vumbi. Uache! Mara yangu ya kwanza nilidhani nimekosea, nikaongeza ethanoli. Unga uliyeyuka vizuri sana, na mmenyuko ukadorora. Kumbe kule kukataliwa na maji ndiko kunakozibana molekuli hizo mbili zikutane. Ronald Breslow na Darryl Rideout walilionyesha hili mwaka 1980: siklopentadieni na butenoni ziliungana ndani ya maji kwa kasi ya takriban mara 700 kuliko ndani ya isooktani, kiyeyushi kisichochanganyika na maji.

Utajuaje kama umeiva? Chota tone pamoja na punje zake, yeyusha kwa ethili asetati kidogo, weka kwenye bamba la kromatografia, umulike kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Antrasenimethanoli hung'aa buluu. Zao haling'ai hivyo, kwa kuwa pete yake ya katikati si aromatiki tena, yaani imepoteza mfumo wake wa elektroni zinazozunguka pete nzima. Doa la buluu likishatoweka, zima moto.

Poza, zamisha chupa kwenye barafu, chuja kwa faneli ya Buchner (ya kuchujia kwa kufyonza), suuza kwa maji baridi, acha punje zikauke.

Na tafadhali, faneli ya kutenganishia ibaki kabatini. Nimeona mtu akijisifu kwa kutumia maji, halafu anavuta zao lake kwa mililita 100 za ethili asetati. Sasa ameokoa nini? Kama zao haligandi lenyewe, tafuta mmenyuko mwingine. Maji ya mchujo nayo bado yana maleimidi, maana tulitia karibu maradufu, kwa hiyo yaende kwenye chombo cha taka, si kwenye sinki.