Kabla ya Kwenda Hija: Mambo ya Kuweka Sawa Ukiwa Bado Nyumbani

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila kuchukua masurufu, wakisema kuwa wao wanamtegemea Mwenyezi Mungu, kisha wakifika Makka huanza kuwaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Sura al-Baqara, inayowaamrisha mahujaji wachukue masurufu na kuwakumbusha kwamba masurufu bora ni ucha Mungu. Kwa hiyo anayejiandaa kwa makini asidhani kwamba anapungukiwa na tawakali. Katika nguzo tano za Uislamu, swala humlazimu hata mgonjwa aliye kitandani, kwa kadiri awezavyo, lakini Hija imefaradhishwa mara moja maishani, tena kwa yule tu aliye na uwezo wa kuifikia, kama inavyosema aya ya 97 ya Sura Aal Imran. Kujiuliza kama uwezo huo upo, na upo kwa njia ya halali, ni hatua ya kwanza ya ibada yenyewe.

Uwezo hupimwa kwanza kwa madeni. Deni ambalo muda wake umefika hutangulia Hija, na asiyeweza kulilipa kwa wakati huo aombe ruhusa ya mwenye kumdai kabla ya kusafiri. Watu wengi hukumbuka mkopo wa benki au wa rafiki, wakasahau madeni yaliyomo ndani ya nyumba zao: mahari ya mke ambayo haijalipwa, ujira wa kijana wa dukani uliocheleweshwa, zaka ya miaka iliyopita, na lile zito kuliko yote, urithi wa ndugu au mayatima ambao mtu mmoja ameukalia miaka mingi bila kuugawa. Ni vigumu kuona namna mtu anavyoweza kuvaa shuka mbili nyeupe na kusimama Arafa akiomba msamaha, ilhali nauli yake imetoka katika shamba la karafuu la dada zake. Katika Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (rehema na amani zimshukie) alimtaja msafiri aliyetimka nywele na kujaa vumbi, ananyanyua mikono akiomba, hali chakula chake ni haramu na mavazi yake ni haramu, akauliza mtu kama huyo atajibiwaje.

Baada ya madeni hutazamwa wanaobaki nyumbani. Fedha za safari zihesabiwe baada ya kuondoa masurufu ya mke, watoto na wazazi wanaomtegemea msafiri, kuanzia siku anayoondoka hadi atakaporudi. Sheria haimlazimishi mtu auze nyumba anayoishi ili aende Makka. Wasia nao uandikwe na ushuhudiwe, ukieleza anachodai, anachodaiwa na amana alizowekewa na watu. Kisha ndipo aende kuomba radhi kwa jamaa na majirani, akianza na wale ambao hasemi nao, kwa sababu kuomba radhi kwa ujumbe mmoja unaotumwa kwa watu mia kwa pamoja hakumfikii yule aliyedhulumiwa hasa.

Hapa linafaa neno kwa walio vijana. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mwenye uwezo anaruhusiwa kuichelewesha Hija maadamu ameazimia kuitekeleza, na ruhusa hiyo imezoewa kutumiwa kuisukuma mpaka uzeeni. Lakini madhehebu hayohayo yanasema kwamba aliyekuwa na uwezo akafa kabla ya kuhiji, Hija yake inakuwa deni katika mali aliyoiacha, na hutafutwa wa kumhijia, ambaye sharti awe amekwisha kujihijia mwenyewe. Zaidi ya hilo, Hija ni kazi ya miguu. Kutembea mara saba baina ya Safa na Marwa, kwenda ikihesabiwa mara moja na kurudi mara moja, peke yake ni zaidi ya kilomita 3, na bado kuna tawafu, yaani kuizunguka Kaaba mara saba, Mina, Muzdalifa na kupiga vijiwe. Ni vyema msafiri aanze mazoezi ya kutembea miezi kadhaa kabla.

Afya ina masharti yake rasmi. Saudi Arabia hudai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ambayo huchanjwa siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili, na wanaotoka katika nchi zenye homa ya manjano hudaiwa chanjo ya ugonjwa huo pia. Mwenye kisukari au shinikizo la damu achukue dawa za kumtosha safari nzima pamoja na maelezo ya daktari. Joto lisipuuzwe: katika Hija ya mwaka 2024, wakati vipimo vya joto Makka vilipita nyuzi 50, walifariki watu zaidi ya 1,300, na wengi wao walikuwa wamekwenda bila kibali cha Hija, hivyo hawakuwa na mahema wala mabasi ya kuwakinga na jua. Ndiyo maana kabla ya kulipa hata shilingi moja inapasa kuhakikisha kwamba taasisi inayokusafirisha inatambuliwa na mamlaka za Hija, na kwamba viza unayopewa ni ya Hija, kwa kuwa viza ya matembezi hairuhusu kuhiji. Mkataba useme kwa maandishi utalala wapi Makka na Mina, na nani atagharimia chakula na usafiri.

Jambo linalohitaji muda mrefu kuliko yote ni elimu, na kwa masikitiko ndilo linaloachwa hadi siku za mwisho. Haitoshi kusema kwamba kiongozi wa msafara atatuelekeza, kwani katika umati wa watu zaidi ya milioni moja unaweza kupotezana naye. Haji ajue kabla ya kuondoka kama anakwenda kwa tamattui (Umra kwanza, kisha Hija kwa nia nyingine), kirani (Umra na Hija kwa nia moja) au ifradi (Hija peke yake), kwa sababu wa tamattui na wa kirani huwajibika kuchinja, na asiyeweza hufunga siku 10, tatu akiwa katika Hija na saba akirudi kwao. Ajue kutofautisha nguzo na wajibu: aliyeacha kulala Muzdalifa pasi na udhuru hufidia kwa kuchinja, lakini aliyekosa kusimama Arafa kati ya adhuhuri ya mwezi 9 Mfunguo Tatu (Dhul-Hijja) na alfajiri ya mwezi 10 ameikosa Hija ya mwaka huo, na tawafu ya ifadha, ile ya baada ya Arafa, haina fidia yoyote.

Kuna mas'ala mawili yanayotusumbua zaidi sisi wafuasi wa Shafi'i. La kwanza ni udhu. Kwa madhehebu yetu, ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu yake (ndugu aliye haramu kumwoa), hata mkewe, udhu hutenguka, na udhu ni sharti la tawafu. Katika msongamano wa kuizunguka Kaaba kuepuka jambo hilo ni taabu kubwa, na wako wanazuoni wa madhehebu yenyewe wanaoruhusu kufuata kauli ya madhehebu mengine mahali hapo. Muulize shehe wako ukiwa bado nyumbani, ili usiingie katika tawafu na wasiwasi. La pili ni hedhi. Mtume alimwambia Bibi Aisha afanye yote ayafanyayo haji isipokuwa tawafu mpaka atwahirike. Kwa hiyo mwanamke anayechagua tarehe ya kurudi ahesabu siku zake, aache nafasi ya tawafu ya ifadha baada ya mwezi 10 Mfunguo Tatu, na amweleze mapema kiongozi wa msafara bila kuona haya.

Mwisho ni mkoba wa mkononi. Anayeanzia Madina huhirimia, yaani huingia katika ibada kwa nia, Dhul-Hulayfa, akitoka huko kwenda Makka, na anaweza kusafiri na nguo zake za kawaida. Lakini anayeruka moja kwa moja hadi Jeddah kwa nia ya Hija au Umra huvuka miqati, yaani mpaka usiovukwa bila ihramu, akiwa angani, na ndege haisimami. Basi aoge nyumbani au uwanja wa ndege, na mwanamume azivae shuka za ihramu kabla ya kupanda au awe nazo mkononi, wala asizifungie katika begi linalokwenda chini ya ndege. Nia na talbiya, yaani mwito wa "Labbayka", vinafungwa kabla ya kuvuka mpaka huo, rubani akitangaza au muda ukikisiwa kwa tahadhari, na aliyeuvuka bila ihramu hulazimika kurudi kuhirimia miqati, na asiporudi, kuchinja.