Kuandika wasifu wa mlenga shabaha wa zamani: mwongozo kwa klabu za shule Arusha na Moshi

Ukitaja bunduki Arusha, mawazo ya watu yanakimbilia kwenye kampuni za uwindaji wa kitalii. Moshi watakukumbusha chuo cha Mweka na wanyamapori wake. Walenga shabaha wa mashindano ni watu wengine kabisa. Wengi walikuwa wanajeshi, lakini hata wanamichezo wa fani nyingine walikuwemo: Viggo Jensen wa Denmark alishinda kunyanyua uzito kwa mikono miwili kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 1896, na kwenye michezo hiyo hiyo akashika nafasi ya 3 katika bunduki ya mita 300. Maisha yao yanafaa sana kwa kazi ya klabu ya historia au michezo, kwa sharti moja: mwandishi aelewe alama zao zilipatikanaje. Wasifu unaosema tu "alipata medali 6" haujasema kitu.

Anza kwa kuchagua mtu ambaye tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana na ambaye shindano lake mnaweza kuliigiza uwanjani bila silaha. Oscar Swahn wa Sweden na Károly Takács wa Hungaria wanafaa kuliko wote. Mkitaka mwanamke, msimtafute kwenye Olimpiki za mwanzo, kwa sababu wanawake waliruhusiwa kulenga shabaha Olimpiki kuanzia 1968 tu. Tafuteni kwenye uwanja wa kulenga shabaha wa Bisley, Uingereza, ambako Marjorie Foster alitwaa Tuzo ya Mfalme mwaka 1930 mbele ya wanaume.

Chukua daftari la kaunta, pigia mistari safu nane: tarehe, mji, aina ya silaha, umbali, mkao (kusimama, kupiga goti au kulala kifudifudi), idadi ya risasi, alama ya juu kabisa inayowezekana, na alama aliyopata. Pembeni andika ulikoitoa kila taarifa. Safu ya saba ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi, na ndiyo inayobeba maana yote. Pantelis Karasevdas wa Ugiriki alishinda bunduki ya kijeshi ya mita 200 mwaka 1896 kwa alama 2350. Takács alishinda London mwaka 1948 kwa alama 580. Mwanafunzi asiye makini ataandika kwamba Mgiriki alikuwa bora mara nne. Piga hesabu: Karasevdas alipiga risasi 40, na kwa utaratibu ambao risasi moja haizidi alama 10, risasi 40 zinaishia 400. Ni wazi kwamba 2350 ilitokana na kanuni nyingine ya kuhesabu. Alama za zama mbili hazilinganishwi. Zinaelezwa tu kila moja kwa kanuni yake.

Ripoti rasmi za Olimpiki za zamani zipo mtandaoni, zimeskaniwa ukurasa kwa ukurasa. Faili ni nzito, kwa hiyo pakua sehemu yenye intaneti ya uhakika, kisha chapisha kurasa za kulenga shabaha peke yake kwenye steshenari.

Kuna mitego minne inayowanasa karibu wote. Wa kwanza ni umri. Oscar Swahn alizaliwa 20 Oktoba 1847, na mashindano yake ya London 1908 na Stockholm 1912 yalifanyika kabla ya Oktoba. Ukitoa mwaka kwa mwaka utapata 61 na 65. Umri sahihi ni 60 na 64. Antwerp 1920 alikuwa na miaka 72, si 73, alipopata medali ya fedha ya timu. Wa pili ni majina. Mwanawe, Alfred, alikuwa naye kwenye timu moja, kwa hiyo "Swahn" peke yake kwenye jedwali si ushahidi wa kitu. Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu wawili wa Marekani, John na Sumner Paine, walioshinda bastola mwaka 1896, kila mmoja shindano lake. Wa tatu ni kalenda: Ugiriki ya wakati huo ilitumia kalenda iliyokuwa nyuma kwa siku 12, ndiyo maana ufunguzi wa michezo ya 1896 unaandikwa 25 Machi kwingine na 6 Aprili kwingine. Chagua kalenda ya leo na uifuate hadi mwisho. Wa nne ni medali yenyewe. Mwaka 1896 mshindi wa kwanza alipewa ya fedha. Dhahabu unayoiona kwenye majedwali imewekwa baadaye kwa kufuata utaratibu wa sasa.

Sasa nendeni uwanjani, na hapa msifanye haraka. Swahn alisifika kwa shabaha ya kulungu anayekimbia: sanamu iliyopita juu ya reli, umbali wa takribani mita 100, ikionekana kwa mita 23 kwa muda wa kama sekunde 4. Mwaka 1908 alipata alama 25 kati ya 40. Wanafunzi wakisoma hivyo wanaona 25 ni kidogo. Wasimamishe kwenye goli moja la uwanja wa mpira. Kwenye goli la pili weka alama mbili za chokaa zenye nafasi ya mita 23, ambayo ni karibu upana wa magoli matatu. Kata katoni yenye umbo la mnyama, urefu wa mita moja na nusu, ifunge ubavuni mwa baiskeli kwa kamba ya katani. Mwendeshaji aanze mita 20 kabla ya alama ya kwanza ili afike akiwa tayari kwenye mwendo, apite kati ya alama kwa sekunde 4, mwenzake akipima kwa simu. Huo ni mwendo wa kilomita 21 kwa saa hivi. Akianzia kwenye alama yenyewe atatumia sekunde 6 au 7, na zoezi limeharibika.

Kila mwanafunzi anyooshe kidole kwa mnyama na aseme "sasa" mara moja tu. Kisha hesabu: tuseme risasi inakwenda mita 700 kwa sekunde. Mita 100 inazimaliza kwa sekunde 0.14, na katika muda huo mnyama amesogea kama sentimita 80. Aliyenyoosha kidole kifuani amepiga karibu na mkia, au amekosa kabisa. Kwa umbali huo ilibidi kulenga mbele ya pua. Swahn alifanya hivyo akiwa na miaka 60, na baada ya hapo 25 kati ya 40 inasomeka tofauti.

Kwa Takács, zoezi ni la mkono. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimharibu mkono wa kulia. Akajifunza upya kwa kushoto. Shindano lake lilikuwa risasi 60 za bastola, mita 25, tano tano kwa shabaha tano, kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Bandika karatasi tano ukutani. Mwanafunzi ashike chupa ya lita moja iliyojaa maji kwa mkono asioandikia, auweke chini, na filimbi ikilia aunyooshe na kuelekeza kwenye karatasi zote tano kabla muda haujaisha. Rudia seti 12, nne kwa kila muda. Msikatishe kwenye seti ya tatu kwa kuwa "tumeelewa". Ugumu unaanza bega likichoka, kiwiko kikilegea na chupa ikianza kuyumba. Bunduki ya upepo au silaha yoyote halisi isiletwe shuleni. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 haina mzaha.

Wasifu wenyewe uwe wa maneno 600 hadi 700. Aya ya kwanza iwe ya uwanjani: umbali, muda, mkono. Kuzaliwa na familia vifuate. Yadi zigeuze kuwa mita kwa kuzidisha 0.9144. Mazungumzo ya Takács na mpinzani wake wa Argentina kabla ya shindano yanasimuliwa kwa namna nyingi. Yakiwa hayana chanzo unachoweza kukitaja, yaache. Chapisha kwa A3, herufi za ukubwa wa 18, jedwali la safu nane likae upande wa kulia, na picha ya baiskeli yenu yenye katoni iwekwe karibu na alama 25 ya mwaka 1908.