Namna ya Kumwalika Mtu katika Imani ya Kikristo Bila Kumnyima Hiari Yake

Kabla ya kutafuta maneno ya kumwambia mtu unayetamani amfuate Kristo, hakikisha kwamba anao mlango wa kutokea endapo atakataa. Mwaliko usio na mlango huo ni amri iliyovikwa nguo za adabu. Yoshua alipowakusanya Israeli huko Shekemu aliwaambia, "chagueni hivi leo ni nani mtakayemtumikia," naye alikuwa amiri wa jeshi ambaye angeweza kuwaamuru tu. Aliitangaza imani ya nyumba yake mwenyewe, kisha akawaachia wao kujibu.

Anza kwa kujichunguza mamlaka uliyo nayo juu ya mtu huyo. Ikiwa wewe ni mwajiri wake, mwalimu wake, mfadhili wake au mwenye nyumba anayoishi, neno lako lina uzito ambao hukuutia wewe, na huenda akakubali kwa sababu hajui kukataa kutamgharimu nini. Katika hali hiyo ushuhudie kwa mwenendo wako, ukijibu unapoulizwa, na kazi ya kumfundisha umwachie mwamini mwingine asiyeshika riziki yake. Vivyo hivyo tenganisha msaada na mahubiri: chakula, dawa na ada ya shule vitolewe na kukamilika bila sharti la kuhudhuria ibada, na mpokeaji aelezwe waziwazi kwamba hadaiwi kitu.

Unapofika wakati wa kufundisha, mweleze gharama mapema. Yesu alisema kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama zake, na ni kumdhulumu mtu kumficha hesabu hiyo mpaka awe amekwisha kubatizwa. Kama kanisa lenu linafundisha fungu la kumi, lina masharti kuhusu ndoa, mavazi, vyakula au siku ya ibada, ayasikie yote akiwa bado nje. Dini anayotoka, au msimamo wake wa kutokuwa na dini, uueleze kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyakubali kuwa ni ya kweli. Mtume Petro aliagiza kwamba tumaini letu lielezwe "kwa upole na kwa hofu", na sioni upole wowote katika kuchora katuni ya imani ya jirani ili yetu ionekane nzuri.

Hatua inayohitaji uangalifu kuliko zote ni saa ya uamuzi. Katika mikutano mingi ya injili mhubiri huita watu mbele wakati nyimbo zimeshika mioyo, machozi yako karibu, na mkutano mzima unamtazama aliyebaki kwenye kiti. Sisemi kwamba Roho Mtakatifu hafanyi kazi mahali hapo. Nasema kwamba mtu aliyesimama kwa sababu jirani zake wote wamesimama huenda akagundua asubuhi kwamba hajui alichokubali. Kwa hiyo, anayejitokeza mpokee kwa furaha, mwombee, kisha mpe muda. Makanisa ya kale yaliwaweka wakatekumeni, yaani watu waliojiandaa kubatizwa, katika mafundisho kwa muda mrefu, mara nyingi kwa miaka, kabla ya kuwapeleka majini. Katika kipindi hicho kaa naye faraghani umuulize maswali mawili: ni nani atakayekasirika ukisema hapana, na utapoteza nini? Akijibu kwamba mchumba atamwacha, au baba ataacha kumlipia masomo, basi umekwisha kuona kamba iliyomfunga. Uahirishe ubatizo, na kama inawezekana nenda uzungumze na wale walioishika kamba hiyo. Hiari yashinda utumwa, walisema wahenga, na katika mambo ya Mungu msemo huo una nguvu maradufu.

Akisema hapana, fanya kama Bwana alivyofanya kwa yule mtu mwenye mali nyingi. Injili ya Marko inasema Yesu alimkazia macho, akampenda, akamwambia ukweli wote. Yule mtu akakunja uso, akaenda zake kwa huzuni. Yesu hakumkimbilia kwa vitisho, wala hakumpunguzia sharti ili asimpoteze. Wakati mwingine, wengi walipomwacha, aliwageukia hata wale Thenashara na kuwauliza, "Je! Ninyi nanyi mwataka kuondoka?" Wewe nawe mshukuru mtu huyo kwa kukusikiliza, muulize kama angependa mzungumze tena siku nyingine, na jibu lake likiwa la kukataa, liheshimu. Mkikutana wiki inayofuata, msalimu na umjulie hali yake na ya jamaa zake kama ulivyokuwa ukifanya siku zote.

Hapa huenda mtu akakutajia Luka 14:23, ambapo mwenye karamu anamwambia mtumwa wake "uwashurutishe kuingia ndani". Usilikwepe swali hilo, maana andiko hilo limewahi kutumika vibaya sana. Mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, yapata mwaka 212, alimwandikia liwali wa Kirumi Skapula kwamba kulazimisha dini si kazi ya dini. Wakati huo Wakristo walikuwa wachache na wanateswa. Mwaka 313 walipewa uhuru wa kuabudu, na mwaka 380, kabla miaka 70 haijatimia, Kaisari Theodosio aliwaamuru raia wake kushika imani ya Nikea, yaani ukiri wa maaskofu waliokutana mji huo. Askofu Augustino naye alilitumia andiko la karamu kutetea nguvu ya dola dhidi ya Wadonati, Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waliokuwa wamejitenga na kanisa. Mwaka 1527 Felix Manz alizamishwa mtoni huko Zürich, Uswisi, kwa ajili ya ubatizo wa watu wazima, na waliomhukumu walikuwa Wakristo wenzake. Urudi basi kwenye mfano wenyewe: anayetumwa ni mtumwa mmoja asiye na silaha, anawaendea watu wa njiani na mipakani ambao wasingethubutu kuamini kwamba karamu ya namna ile ni yao, na wale waliokataa mwanzoni hakuna aliyewakokota. Shuruti ya mfano huo ni ya kumbembeleza mnyonge anayejiona hastahili.

Kwa watoto mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mzazi Mkristo ana wajibu wa kuwalea katika imani na methali inamhimiza samaki amkunje angali mbichi. Mfundishe mwanao, omba pamoja naye, mpeleke ibadani. Mtoto asiyefundishwa chochote hana cha kuchagua. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 14, unataka mwongozo wa wazazi uendane na uwezo wa mtoto unavyokua, na hilo ni busara hata kwa asiyejali mikataba. Anapouliza maswali ya shaka, yajibu bila kumkemea. Anapofikia kipaimara au ubatizo wa kukiri mwenyewe, mwambie mkiwa wawili kwamba anaweza kuahirisha, na kwamba ada, kitanda na nafasi yake mezani havitaguswa. Kisha uitimize ahadi hiyo akiahirisha kweli.

Uhuru unaoutaka kwa kanisa lako udai pia kwa wengine. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 18, linataja wazi haki ya kubadili dini, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitangaza tarehe 7 Desemba 1965 kwamba mtu hapaswi kulazimishwa kutenda kinyume cha dhamiri yake. Jirani wa dini nyingine akizuiwa kujenga nyumba ya ibada, andika barua kumtetea.

Mwisho, liandalie kanisa utaratibu wa anayetaka kuondoka. Apokewe na mtu mmoja mpole wala si baraza zima, asikilizwe sababu zake akipenda kuzitoa, apewe hati anazohitaji, na siri alizowahi kuungama zisitamkwe popote. Jina lake lisisomwe mimbarini kwa aibu, wala ndugu zake wasiambiwe waache kula naye.