Namna ya kusoma grafu ya oksidi ya urani iliyopashwa moto

Juzi nilikaa na kijana wa maabara aliyekuwa na grafu ya UO₂, oksidi ya urani, iliyopashwa moto hewani hadi nyuzi 800 za Selsiasi, kwenye mashine inayopima uzito wa sampuli ikiwa ndani ya tanuri. Uzito ulikuwa umepanda asilimia 4.4, naye ameshaanza kujiuliza kama amepata oksidi mpya. Mimi pia iliwahi kunitokea, nikapoteza siku mbili nzima.

Kupima sampuli na kuvuta hewa nje ya chumba sielezi. Kama una kibali cha kushika urani, hayo unayajua.

Hatua ya 1: Piga hesabu kwanza. UO₂ yote ikigeuka U₃O₈, oksidi yenye oksijeni zaidi, uzito unapanda asilimia 3.95. Ikiishia U₃O₇, iliyo katikati ya hizo mbili, asilimia 1.98. Andika namba hizo pembeni ya grafu, kwa kalamu.

Hatua ya 2: Toa grafu ya kikombe kitupu, yaani kile kinachobeba sampuli. Hapa ndipo watu wanapokwama. Hewa ya baridi hukinyanyua kikombe kidogo. Tanuri likipamba moto, hewa inakuwa nyepesi na haikinyanyui tena vile, kwa hiyo mizani inaona kana kwamba kikombe kimenenepa. Kosa hilo likifika miligramu 0.09 kwenye sampuli ya miligramu 20, umeongeza asilimia 0.45 ya uongo. Ndiyo ile 4.4.

Dawa yake ni kuendesha mashine na kikombe kitupu, kisha utoe grafu hiyo kwenye ile ya sampuli. Lakini kiwe kikombe kile kile, si pacha wake. Mtiririko wa hewa uwe ule ule, na kasi ya joto iwe ile ile. Grafu tupu ya nyuzi 10 kwa dakika haifai kwa sampuli iliyopashwa kwa nyuzi 5. Na usiitumie ya mwezi uliopita. Programu ya mashine ina kitufe cha kurekebisha yenyewe, mimi sikiamini. Natoa kwa mkono, namba kwa namba.

Hatua ya 3: Soma ngazi. Unga laini hupanda kwa ngazi mbili. Kwenye ya kwanza oksijeni inajipenyeza katikati ya atomu zilizojipanga kimchemraba, na umbo linabaki karibu lile lile. Kwenye ya pili mpangilio unavunjika na kuwa matabaka: msongamano unashuka kutoka gramu 10.97 hadi kama 8.4 kwa sentimita ya ujazo, ujazo unavimba kwa zaidi ya theluthi moja. Kidonge kigumu ulichoingiza unakikuta kimekuwa unga mweusi. Chembe zikiwa kubwa, ngazi hizo huungana, usilazimishe kuziona.

Hatua ya 4: Tafuta kisichoonekana kwenye uzito. Karibu na nyuzi 350, U₃O₈ hubadili mpangilio wa fuwele kuwa wa pembe sita bila kupata wala kupoteza oksijeni. Mizani haioni kitu. Unahitaji eksrei ya fuwele yenye jiko lake, upige sampuli ingali moto, maana ikipoa inarudia mpangilio wa zamani. Kwa eksrei inayotolewa na shaba, kilele cha UO₂ kiko karibu na nyuzi 28.3 za pembe. Kama bado kipo, sampuli yako haijamaliza kugeuka, hata kama grafu imelala.