Somo: Kujua kama mmenyuko utajiendea wenyewe, kwa mfano wa chokaa

Naulizwa jambo hili kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Kanuni ni ΔG = ΔH − TΔS. ΔG ni badiliko la nishati huru ya Gibbs, ΔH ni joto linaloingia (chanya) au kutoka (hasi), T ni halijoto, na ΔS ni badiliko la entropia, yaani kiasi cha mtawanyiko wa nishati na chembe. ΔG ikiwa hasi, mmenyuko unajiendea. Ikiwa chanya, hauendi. Tuchukue uchomaji wa matumbawe: CaCO3 → CaO + CO2, yaani jiwe la matumbawe linatoa chokaa isiyozimwa (CaO) na gesi ya CO2.

1. Sawazisha mlinganyo.

2. Soma ΔH kwenye jedwali la joto na entropia za kemikali: +178.3 kJ.

3. Piga ΔS kwa entropia za jedwali, vilivyopatikana toa kilichoingia: 39.8 (CaO) + 213.7 (CO2) − 92.9 (CaCO3) = +160.6 J/K. Hiyo 213.7 ni ya gesi, ndiyo iliyopandisha entropia.

4. Halijoto iwe ya Kelvin: 25 °C ni 298 K.

5. Geuza jouli ziwe kilojouli. Hapa simama. ΔH huandikwa kwa kilojouli, entropia kwa jouli. Kwenye mtihani mmoja niliziacha hivyohivyo, nikapata −47,680. Maana yake kuta zote za matumbawe za Lamu na Kilwa zingekuwa zimegeuka unga zamani. Alama zote za swali zikaenda. Gawa 160.6 kwa 1000 KABLA ya kuzidisha: 178.3 − 298 × 0.1606 = +130.4 kJ. Haujiendei, na kuta bado zimesimama.

6. Kutafuta halijoto ya kugeukia, yaani pale ΔG inapokuwa sifuri, gawa ΔH kwa ΔS: 178.3 ÷ 0.1606 = 1110 K, yaani karibu 837 °C. Ndiyo maana chokaa inataka tanuri.

MASWALI

— Mkuu, nipe jibu tu, kuyeyuka kwa barafu kunajiendea au hakujiendei?
Kwa halijoto gani? Rudi hatua ya 4.

— Mimi napata entropia ya oksijeni sifuri, si elementi?
Sifuri ni ΔH ya kuundwa. Entropia ya O2 ni 205. Jedwali linasema wazi, lisome.

— Samahani mwalimu, chokaa isiyozimwa ikimwagiwa maji inachemka yenyewe. Nimepiga hesabu, ΔS ni −26 J/K. Entropia imeshuka, inajiendeaje?
Swali zuri sana, ahsante. Umepima chokaa na maji peke yake. Mmenyuko ule unatoa 65.2 kJ, na joto hilo linaingia kwenye ndoo na hewa: 65,200 ÷ 298 = +219 J/K. Toa 26, jumla inabaki +193. Zidisha kwa 298 utapata kilojouli 57, na ΔG ni −57. ΔG hasi maana yake ni hiyo: entropia ya vyote pamoja imepanda.

— Babu yangu alikuwa akipanga kuni za tanuri kwa kuacha nafasi za upepo. Inahusiana?
Inahusiana kabisa. Ile 837 °C ni pale CO2 ikiwa na kanieneo ya angahewa moja. Upepo ukiiondoa, jiwe linaanza kuachia gesi chini ya hapo. Ila mkikaribia tanuri, msikae upande moshi unakoelekea, na chokaa isiyozimwa msiishike kwa mkono wenye maji.