Namna ya kuandika historia ya wachimbaji wa Mirerani wakiwa bado hai

Mwaka 2020 nchi nzima ilimjua Saniniu Laizer, aliyeuza mawe mawili ya tanzanite, kito kinachochimbwa Mirerani, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Lakini aliyezama shimoni ujana wake wote akatoka mikono mitupu, nani kamwandika? Hao tunao hapa Arusha, Ngarenaro na Sombetini, na wanazeeka. Mjomba wangu ni mmoja wao.

Nenda asubuhi, mzee akiwa hajachoka. Omba ruhusa kwanza ndipo uwashe simu kurekodi. Vumbi la mgodini halitoki kifuani; akikohoa, nyamaza umsubiri.

Usianze na hela. Ukiuliza alipata kiasi gani, atajifunga au atakupa hadithi za kijiweni. Anza na kazi yenyewe: "Shikamoo mzee. Mlikuwa mnashukaje, kwa kamba au ngazi? Baruti alilipua nani?" Mjomba alipoulizwa hivyo aliinuka, akashika kiroba kitupu, akatuonyesha walivyojipanga mtu juu ya mtu wakipokezana kifusi mpaka nje. Uliza na mtobozano: mgodi ukikutana na wa jirani chini kwa chini, nani alirudi nyuma? Malipo uliza mwishoni, maana wana Apolo, yaani wachimbaji wadogo wa Mirerani, wengi hawakuwa na mshahara. Bosi alitoa chakula na vifaa, wakangoja mgodi uteme mawe wagawane.

Miaka itafute kwa matukio. Tanzanite iligunduliwa 1967, machimbo yakataifishwa 1971, vitalu A hadi D vikagawanywa 1990, ukuta wa kuzunguka machimbo ukazinduliwa 2018. Ukikuta karatasi ya zamani imeandikwa "Mirerani, Arusha", usiishangae: Mkoa wa Manyara, ambako Mirerani iko sasa, ulianza 2002.

Ukifika Aprili 1998, usiharakishe hata kidogo. Maji ya mvua za El Niño yaliingia migodini yakaua wachimbaji wengi. Kwa kila aliyetajwa, andika jina la utani, jina la nyumbani kama linajulikana, na kijiji alikotoka. Huko kijijini huenda kuna mama ambaye hajawahi kuambiwa mwanawe alifia wapi. Majina haya usiyasambaze mtandaoni kabla ndugu hawajaridhia.

Kisha mtafute mama lishe aliyewapikia. Yeye anakumbuka nani alikula kwa mkopo na nani hakurudi kulipa.

Ukishaandika, rudi umsomee mzee mbele ya wenzake wa mgodi uleule. Watabishana. Washa tena simu.