Bawa la faibaglasi kwa kompresa ya friji mbovu

Mimi ni fundi friji, Mwanga, hapa Kigoma. Nalisema hilo mapema kwa sababu nusu ya vifaa nitakavyovitaja vimetoka kwenye friji zilizonishinda kuzifufua.

Ndege yenyewe, ya mfano ninayoijenga kwa mikono, haina injini. Unaitupa kutoka ukingoni mwa kilima, inabebwa na upepo unaogonga mteremko na kupanda, nawe unaiongoza kwa rimoti. Betri ni ya risiva, kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, na sevo, vimota vidogo vya kusogeza vibawa vya usukani, basi. Kiangazi, kuanzia kama saa saba mchana, nchi kavu ikishapata moto, upepo hutoka ziwani na kukuta vilima vya upande wa Bangwe mbele yake. Hauna pa kwenda ila juu.

Vipimo vyangu ni hivi: ncha hadi ncha mita 2, upana wa bawa shinani milimita 220, nchani 140, na ukingo wa mbele umenyooka kama rula. Umbo la mkato wa bawa ni RG15, mchoro wa Rolf Girsberger. Unene wake ni asilimia 8.9 tu ya upana, maana yake shinani unapata karibu milimita 20 na nchani 12 na kidogo. Nunua sevo nyembamba kabla hujakata chochote. Mimi nilinunua nene, zikachungulia nje ya bawa kama magoti kwenye suruali iliyochanika.

Foamu nyeupe ya kwenye kartoni za TV inafaa kujifunzia kukata. Ya bawa lenyewe tafuta ile ngumu isiyo na punje, ya kuzuia joto. Uzi wa kukatia nimeutoa kwenye koili ya jiko la umeme, nikaunyoosha na kuukaza kwenye upinde wa mbao wenye springi, maana uzi ukipata moto hurefuka na kulegea. Naupa umeme wa betri za sola: moja kwanza, na ukiwa mvivu naongeza ya pili mfululizo. Joto likiwa sawa, uzi unapotoka nyuma ya foamu huacha nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Ukiona foamu inarudi nyuma yenyewe kabla uzi haujaigusa, punguza.

Kukata ni kazi ya watu wawili. Vibao viwili vya fomeka vyenye umbo la bawa, kimoja shinani, kingine nchani, vyote vimegawanywa mistari kumi. Cha shinani ni kirefu, kwa hiyo mkono wa shinani lazima uende kasi zaidi ili wote mfike mstari mmoja pamoja. Msaidizi wangu ni mpwa wangu wa darasa la sita. Yeye hushika ncha na kuhesabu kwa sauti: “Tatu… mjomba, mimi niko tatu!” Namjibu niko mbili na nusu, anasubiri. Asiposubiri, bawa linatoka limepinda kama parapela, na hakuna msasa wa kulinyoosha. Yale maganda ya foamu yanayobaki juu na chini usiyatupe. Ndiyo kitanda cha bawa baadaye.

Sasa gundi. Bawa langu la kwanza nililipaka rezini ya poliesta, ile wanayozibia bodi za magari, kwa sababu ilikuwa nusu bei. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi foamu ilikuwa imeyeyuka kama samli kikaangoni, limebaki gamba la kitambaa limekunjamana. Ile rezini ina staireni ndani yake, na staireni hula foamu ya aina hii. Tumia epoksi peke yake, ile ya sehemu mbili za kuchanganya. Pima kwa uzito, kwa mizani ya gramu kama ya sonara, na ufuate uwiano ulioandikwa kwenye kopo lako, si kopo la jirani. Joto la huku halina subira: ukiiacha kwenye kikombe inajipasha na kuganda ukiwa bado unatafuta brashi, kwa hiyo imwage kwenye sinia pana.

Kwa kila nusu ya bawa nina karatasi mbili za Mylar, plastiki ngumu inayong’aa, zenye unene wa milimita 0.25, moja ya juu na moja ya chini. Niliziagiza Dar, zikaja na basi zimeviringishwa ndani ya bomba ili zisivunjike. Zipake nta ya gari mara tatu, kila safari uisugue mpaka ing’ae. Juu yake tandaza faibaglasi ya gramu 50 kwa mita ya mraba, nyuzi zikikaa mshazari wa digrii 45, kisha ya gramu 80. Mshazari ndio unaozuia bawa kujisokota. Kinachozuia lisivunjike ni utepe wa kaboni wa milimita 25 juu na chini, pale bawa lilipo nene zaidi, kutoka shinani hadi karibu na ncha, na wa pili juu yake unaoishia nusu ya njia.

Gramu 70 za epoksi zinatosha nusu moja, pande zote mbili. Ukishalowanisha kitambaa, chukua karatasi ya chooni, itandaze juu, ipitishie rola, ibandue. Itatoka imelowa. Rudia. Kitambaa kinachong’aa bado kina gundi ya bure. Kikififia kikabaki na rangi ya kitambaa kilicholowa tu, acha. Nusu yangu ya mwisho ilikuwa gramu 190 kabla ya sevo. Ya kabla yake, nilipoona uvivu kufyonza, ilifika 260, na ndege ile ilihitaji upepo wa kung’oa mabati ndipo iruke.

Sasa kwenye fani yangu. Foamu inabanwa katikati ya zile Mylar mbili, kitambaa kikiigusa, vyote vinaingia mfukoni, kisha hewa inavutwa ili mfuko ubane kitambaa mpaka gundi igande. Kompresa ya friji inavuta hewa vizuri sana. Ina vijibomba vitatu: chembamba ni cha kutoa, kiache wazi lakini ukielekeze kwenye chupa, maana kinatema mafuta. Viwili vinene ni vya kuvuta, kimoja kizibe. Usiikate friji kwa moto: nyingi za sasa zina gesi ya R600a, nayo inawaka. Gesi itolewe na mtu mwenye vifaa, halafu ukate kwa kikatio cha bomba. Kati ya kompresa na mfuko ninaweka bomba la PVC la inchi 4 lililozibwa pande zote, liwe ghala la vakyumu. Umeme ukikatika, na utakatika, nina muda wa kutafuta jenereta.

Mafundi wenzangu, hapa ndipo mazoea yatawaponza. Kwenye friji tunavuta mpaka geji ya bluu ifike chini kabisa. Foamu hailiwezi hilo. Nilivuta inchi 25 za zebaki, kipimo cha vakyumu kwenye geji, nikijisifu sina palipovuja, asubuhi bawa lilikuwa chapati. Ishia inchi 10, zima, ikishuka hadi 8 washa tena. Kompresa nayo itapumzika, kwa sababu bila gesi ya kuipoza inachemka. Mfuko ni nailoni ngumu, kingo zake nimezibana kwa utepe wa mpira unaonata wa mafundi wa vioo vya magari. Ndani, juu ya Mylar, weka pamba ya kujazia mito ili hewa ipate njia. Kisha rudisha kila kitu ndani ya maganda yake, laza juu ya meza ya kioo, pandisha matofali juu yake. Kama meza imepinda, bawa litapinda vivyo hivyo na litabaki hivyo maisha. Liache hadi kesho yake.

Kubandua Mylar ni raha ambayo sitaieleza. Punguza kingo, piga msasa ukingo wa mbele, gundisha nusu mbili katikati kwa epoksi na tabaka tatu za faibaglasi, kila ncha ikiinuka digrii 2. Eleroni, vile vibawa vya kuinamisha ndege kushoto na kulia, zikate kwenye robo ya nyuma ya bawa, bawaba yake ni utepe unaonata upande wa juu. Kiwiliwili ni foamu iliyovikwa faibaglasi na bomba la kaboni la mkia, haina siri. Ndege nzima isizidi kilo 1.2. Ongeza uzito wa madini ya risasi puani mpaka itulie mlalo ukiishikilia kwa vidole viwili milimita 55 nyuma ya ukingo wa mbele. Ikiinamisha mkia, usiirushe.

Habari za kibali waulize TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwanza, na kaa mbali na njia ya uwanja wa ndege. Kilimani, mawimbi yakianza kuvaa povu jeupe, upepo unatosha. Itupe moja kwa moja kuelekea Kongo, pua imeinama kidogo, na kila unapogeuka, geukia ziwani, kamwe si kilimani. Kwenye kutua, usiipitishe nyuma ya mgongo wa kilima kwa chini: hewa ya huko inazunguka na kuibwaga. Mimi huipeleka mbali mbele, naishusha chini ya usawa wangu, kisha naipandisha mteremko mpaka kasi inaisha yenyewe miguuni pangu, kwenye nyasi, huku mpwa wangu akiwa ameshaanza kukimbia kuifuata.